Panzi Machoni pa Nani?

Musa alituma watu kumi na wawili, mmoja kutoka kila kabila, waende kuipeleleza Kanaani. Walizunguka siku 40. Wakarudi na kichala cha zabibu kizito hadi kikabebwa na wanaume wawili kwenye mti, na wakarudi na ripoti. Kuhusu zabibu hakuna aliyebisha. Kuhusu miji yenye kuta, na wale watu warefu wa ukoo wa Anaki, pia hakuna aliyebisha. Hata Kalebu, yule jasiri wa hadithi, hakusimama kusema ati majitu hayapo. Mambo yaliharibika kwenye maneno ya mwisho, ambayo kumi kati yao waliyatoa Kalebu alipowabana: kwamba ile nchi hula wakazi wake, na kwamba mbele ya yale majitu wao walijiona kama panzi, na majitu nayo yaliwaona hivyo hivyo.

Haya, simama hapo kidogo. Majitu yaliwaona hivyo? Nani aliwaambia?

Swali hilo si langu. Marabi waliliuliza zamani sana. Kwenye Midrashi ya kitabu cha Hesabu, Mungu analalamika hivi, kwa maneno yangu mimi: kujiona panzi, sawa, hilo naweza kulipitisha, lakini mlijuaje nilivyowafanya muonekane machoni pao? Pengine niliwafanya muonekane kama malaika. Rashi, mfafanuzi wa Torati kutoka Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105, ana maelezo ninayoyapenda zaidi kuhusu nchi inayokula watu. Anasema kila walipopita, wapelelezi walikuta wenyeji wakizika. Wakaangalia makaburi, wakaandika: nchi hii inamaliza watu. Kumbe, kwa Rashi, Mungu ndiye aliyeyapanga mazishi yale ili wenyeji washughulike na msiba wao, wasiwe na muda wa kuwaona wageni wanaopita. Yaani kinga yao wenyewe ndiyo waliyoiandika kama hatari.

Ninaandika haya nikiwa Lowarengak, ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini kabisa. Ukiendelea mbele unapata Todonyang, halafu Ethiopia. Mimi si Myahudi. Nilibatizwa Mkatoliki kama watu wengi wa hapa. Lakini Wayahudi husoma fungu moja la Torati kila wiki, dunia nzima fungu lile lile, na hili la wapelelezi, wanaloliita Shelakh, nimelisoma kwa simu mara nyingi kuliko nilivyosoma chochote chuo kikuu, nilikokaa miaka miwili kabla karo haijaisha.

Kinachonivuta ni kwamba kila mhubiri aliyewahi kunifundisha hadithi hii aliniweka upande wa wapelelezi. Usiogope majitu yako! Karo ni jitu, kazi ni jitu, mwenye nyumba ni jitu. Tunaitikia amina, tunaenda nyumbani. Lakini ukisoma historia ya huku, sisi hatukuwahi kuwa upande wa wapelelezi. Sisi ndio tuliopelelezwa. Wasafiri wa Kizungu wa mwisho wa karne ya 19 waliandika kuhusu urefu wa Waturkana kana kwamba wamekutana na wana wa Anaki wenyewe. Na nchi inayokula wakazi wake, si unajua ni wapi Mkenya akitajiwa hivyo anafikiria haraka.

Kwa hivyo acha niisome kutoka huku.

Nianze na kisa ambacho Wakenya wengi wa rika langu hawajawahi kufundishwa: watu walioijua hadithi hii ya Musa vizuri kuliko sisi sote waliwahi kutuma wapelelezi Kenya. Wapelelezi halisi, na meli, na wapagazi, na ripoti iliyochapishwa London.

Desemba 1902 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipanda reli ya Uganda akitoka Mombasa. Akiangalia dirishani aliona nyanda za juu zenye baridi na akafikiria, hapa pangewafaa Wayahudi wa Dakta Herzl. Hiyo ni namna moja ya kupeleleza nchi: dirisha la treni. Mwaka uliofuata ofa ilitolewa. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo, lakini mpango ukabaki na jina la Uganda kwa sababu hadi 1902 eneo hilo lilihesabiwa upande wa Uganda.

Hofu iliyokuwa nyuma ya ofa hiyo haikuwa ya kubuni. Aprili 1903, mjini Kishinev katika milki ya Urusi, Wayahudi karibu 50 waliuawa kwa siku mbili na nyumba zao zikavunjwa. Herzl alikuwa anatafuta mlango wowote uliofunguka. Agosti mwaka huo, kwenye Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel, Uswisi, kura ya kutuma tume ya uchunguzi Afrika Mashariki ilipita kwa 295 dhidi ya 178. Wengi wa waliokataa walikuwa wajumbe wa Urusi, wale wale waliotoka kwenye moto. Walitoka ukumbini, wengine wakaketi sakafuni kama watu waliofiwa. Kwao kulikuwa na nchi moja tu ya ahadi, na haikuwa na Eldoret ndani yake.

Na huku Nairobi nako kulikuwa na watu waliojawa na hofu. Walowezi, hata hawajazoea jua vizuri, wakiongozwa na Lord Delamere, walipiga kelele kwamba Wayahudi wasiletwe. Wageni wa juzi wakiogopa wageni wa kesho. Hii nayo ni hadithi ambayo Kenya haijawahi kuacha kuirudia.

Tume ilifika Mombasa Januari 1905. Walikuwa watatu, si kumi na wawili: Meja Alfred St. Hill Gibbons, Mwingereza mzoefu wa safari za Afrika. Alfred Kaiser, Mswisi. Na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Wakapanda hadi Nakuru, wakachukua wapagazi, wakazunguka uwanda kwa wiki chache. Nchi ni moja na majira ni yale yale. Gibbons akaandika kwamba inawezekana, mkianza polepole. Kaiser akasema hapana. Wilbusch akasema hapana kubwa zaidi. Kwake pale hapakuwa na kitu cha kujengea maisha. Kongamano la Saba, lililoketi Basel katikati ya 1905, likaufunga mpango. Herzl hakuliona, alikuwa amefariki Julai 1904.

Leo ukitoka Kitale kwenda Eldoret wakati wa mavuno, ukiona mahindi na ngano zisizoisha, unaweza kumcheka Wilbusch. Mimi nimemcheka. Lakini sina hakika tunapaswa kumpigia makofi Gibbons. Maanake hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyetumwa kuuliza swali la Wanandi, waliokuwa wakilisha mifugo huko na waliokuwa vitani na Waingereza tangu miaka ya 1890. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Basel kusema hapana, Koitalel arap Samoei aliuawa kwa hila na Kapteni Richard Meinertzhagen kwenye mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Wanandi wakasukumwa kwenye rizavu. Mwaka 1908 Makaburu wakapanda huko na magari yao ya ng'ombe. Kwa hivyo jibu la Wilbusch halikumwokoa mtu. Uwanda uliwekwa tu kwenye meza nyingine.

Kuna kitu kingine kilitokea upande wa pili wa Mlima Elgon, na nikikiacha sitajisamehe. Nchi ambayo Wayahudi wa Ulaya waliikataa ilipata Wayahudi bila tume yoyote. Semei Kakungulu, jenerali Mganda aliyewapigania Waingereza mashariki mwa Uganda na baadaye akahisi wamemtumia kisha wakamtupa, aliisoma Biblia mwenyewe, akafika kwenye sheria za Musa na akakataa kusonga mbele. Mwaka 1919 akajitahiri, yeye na wanawe. Watu wake, Abayudaya, bado wako karibu na Mbale. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao miaka ya 1970 wengi waliondoka, wachache wakabaki wakiomba kwa siri hadi Amin akaanguka Aprili 1979. Wiki ile ile fungu la Shelakh linaposomwa Yerusalemu na New York, linasomwa pia huko, na watu waliojua hofu ya mlango kugongwa usiku.

Sasa turudi huku kwetu, ambako ripoti hazikuwahi hata kufika Basel.

Mwaka 1901 Meja H. H. Austin alipita ufuo huu wa magharibi akitokea Omdurman, Sudan. Wengi wa watu wake walikufa njiani kwa njaa na udhaifu, wengine wakauawa. Walikufa kando ya ziwa, katikati ya watu waliokuwa wanaishi hapo na mifugo yao. Siwacheki, njaa ni njaa. Lakini nchi ikaandikwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa akifa ndani yake. Mwaka 1918 serikali ikatuma jeshi la KAR pamoja na askari kutoka Sudan, operesheni inayokumbukwa kwa jina la milima ya Labur, hapa hapa kaskazini. Walichukua mifugo, wakawanyang'anya Waturkana bunduki. Majirani wa upande wa Ethiopia walibaki na zao. Shikilia hilo, nitalirudia.

Baadaye wilaya ikafungwa. Kuingia kulihitaji kibali, kutoka pia. Na nchi inayokula watu ikapewa kazi inayoifaa, gereza. Mwaka 1953 Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipelekwa Lokitaung, milimani, si mbali na hapa. Kenyatta alikuwa akipika. Mwaka 1958 barua ya wafungwa ilitoroshwa hadi ikachapishwa kwenye gazeti la Observer, London, wakilalamikia hali yao. Mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Kwa Waingereza mantiki ilikuwa rahisi: ukitaka mtu asahaulike, mpeleke Turkana.

Halafu uhuru ukaja. Mwaka 1965 serikali ya huyo huyo aliyekula joto la Lokitaung kwa miaka ikatoa Sessional Paper nambari 10, na humo kulikuwa na wazo kwamba pesa za maendeleo ziwekwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, barabara na watu walio tayari, ndipo zizae haraka. Wengine watangoja zikizaa. Aliyekaa hapa miaka sita akatoka na ripoti ya wale kumi! Hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa Mzee. Watu wa Lodwar hadi leo wakipanda gari kwenda Kitale wanasema wanaenda Kenya. Wageni hudhani ni mzaha.

Lakini je, hii nchi hula watu kweli? Ukishuka kusini kidogo kutoka hapa unafika Nariokotome. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani mwenye jicho kali kuliko maprofesa wote aliofanya kazi nao, aliona hapo kipande cha fuvu, kidogo tu, katikati ya kokoto za rangi hiyo hiyo. Kikawa mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza zana za mawe kutoka Lomekwi, ufuo huu huu, zenye miaka milioni 3.3. Watu na mababu wa watu wamekaa hapa muda ambao Eldoret haiwezi hata kuuota. Kama hii ndiyo nchi inayokula wakazi wake, basi ina hamu ndogo sana ya kula.

Na sisi pia tuna wapelelezi wetu. Hadithi hii kila mtoto wa Turkana ameisikia. Vijana wa Wajie, kutoka Karamoja, Uganda ya leo, walimfuata fahali aliyepotea, wakashuka mlima wakifuata nyayo zake hadi bonde la mto Tarach. Huko wakamkuta fahali, na wakamkuta mwanamke mzee, Nayece, akichuma matunda ya mwituni peke yake. Nayece akawaonyesha nchi: malisho yapo, matunda yapo, kaeni. Vijana wakarudi nyumbani kueleza, na wengine wakashuka na mifugo yao. Hao ndio Waturkana. Kilima chake, Moru a Nayece, kinajulikana hadi leo.

Nimeweka hadithi hizi mbili kando kando mara nyingi. Vijana wa Wajie walitoka milimani, kwenye mvua zaidi, wakaingia kwenye ukame ambao Mzungu angeuandika kwa wino mweusi, na wakarudi na habari njema. Hawakuwa majasiri kuliko wale kumi. Hata hawakutumwa kupeleleza. Walikuwa wanatafuta ng'ombe. Tofauti ninayoiona ni kwamba walikuta mtu anayeishi pale, wakaongea naye. Kwenye Hesabu 13, kwa siku zote 40, hatusomi mahali ambapo wapelelezi wa Musa waliongea na mwenyeji hata mmoja. Walitazama kuta, wakatazama urefu wa watu, wakahesabu mazishi. Kwa Rashi waliongeza umbea: waliwasikia wenyeji wakiambiana kuna sisimizi kwenye mashamba ya mizabibu.

Miaka 40 baadaye Yoshua, aliyekuwa mmoja wa wale kumi na wawili, alituma wapelelezi wengine. Wawili tu. Wakaenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa mwanamke wa Yeriko, Rahabu, wakalala kwake. Naye akawaambia jambo ambalo kizazi kizima kilikufa jangwani bila kulijua: tangu tuliposikia habari za Bahari ya Shamu, mioyo yetu iliyeyuka. Sisi ndio tuliowaogopa. Panzi walikuwa wakiogopwa wakati wote huo.

Bonde la Tarach sasa lina jina lingine maarufu. Kakuma imeketi kando ya mto huo. Mwaka 1992 vijana wa Sudan waliofukuzwa na vita mara mbili, kwao kisha Ethiopia, walifikishwa hapo kwa maelfu, na kambi ikaanza. Sijawahi kusikia mtu akiitaja Kakuma na Nayece katika sentensi moja, ingawa ni bonde moja.

Sasa, ningekuwa ninadanganya kama ningekwambia kwamba hofu ni suala la mtazamo tu, badilisha mtazamo wako, maisha yataendelea. Mei 2011 Waturkana zaidi ya 20 waliuawa Todonyang na Wamerille, ambao wenyewe hujiita Dassanech. Februari 2025 wavuvi wa upande wetu walishambuliwa karibu na mpaka, na wengine zaidi ya 20 wakaripotiwa kuuawa au kupotea. Familia zilikaa ufuoni zikingoja mashua. Huwezi kumwendea mama kama huyo na fungu la Shelakh mkononi. Neno letu emoit lina maana ya adui, na ndilo hilo hilo la mgeni. Lakini hata hofu hii ina tarehe. Mambo yalikuwa magumu kabla ya 1918, hakuna anayekataa, ila kumnyang'anya jirani mmoja silaha ukamwachia mwingine si jambo la asili kama upepo. Mtu alisoma ripoti, akatia sahihi.

Marabi wanasema Kalebu naye aliogopa. Wameiona kwenye sarufi: maandishi yanasema walipanda kusini, wengi, kisha akafika Hebroni, mmoja. Talmudi inaeleza kwamba Kalebu aliwaacha wenzake akaenda peke yake kwenye makaburi ya wazee, Ibrahimu na wengine, akaomba asije akavutwa na maneno ya wale kumi. Ninaipenda picha hiyo. Jasiri wa hadithi amepiga magoti kaburini kwa babu yake akiomba asikubaliane na marafiki zake. Wavuvi wa hapa sijawasikia wakisema hawaogopi. Nimewasikia wakimtaja Akuj, wakiangalia upepo, wakiulizana nani alitoka jana na alirudi saa ngapi. Halafu wanasukuma mashua.

Karibu na ufuo kuna mama anayeuza chai na mandazi. Anajua Kimerille, kwa sababu wakati wa utulivu Wamerille huvuka kuja kuuza na kununua, na yeye aliamua kwamba biashara haina haja ya mkalimani. Mwezi uliopita nilimuuliza, "Mama, kwani wao hutuonaje?"

Akaendelea kumimina. "Wanasema nyinyi ndio watu wabaya sana. Watoto wao wakilia usiku wanatishwa na jina letu."

Nikamwambia hata sisi hutishwa na lao. Akasema najua, wewe kijana, nimelea sita. Kisha akaniuliza kama ninalipa pesa taslimu, kwa sababu network ilikuwa imepotea tangu asubuhi na M-Pesa haingepita.